Karo Lisilovuja na Udongo Unaonyonya: Kuhusu Maji Taka ya Nyumbani

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijafikiwa na mabomba ya umma ya maji taka. Anayejenga Goba, Bunju, Kibamba, Chanika au ng'ambo ya Kigamboni anajua kwamba kila kinachotoka chooni, bafuni na jikoni kwake kitabaki ndani ya kiwanja chake mpaka siku gari la maji taka litakapokuja, na hata siku hiyo gari litaondoka na tope tu, kwa kuwa maji mengi yatakuwa yameshaingia ardhini, chini ya miguu yake na ya jirani zake. Pamoja na uzito huo, karo la choo ndilo jambo ambalo wengi hulifikiria mwisho kabisa, baada ya vigae, dari na geti, likajengwa kwa saruji iliyosalia na kwa mazoea ya fundi aliye karibu. Nilipojenga Kibamba nilitaka mambo yaende kinyume na hapo, kwa hiyo msingi wa nyumba ulipokamilika tu, kabla kuta hazijapanda, nilikaa na fundi tukachora mahali pa karo, njia ya mabomba na eneo ambalo maji yangenyonywa na udongo. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye bado ana nafasi ya kufanya hivyo.

Mfumo huu una sehemu mbili zenye kazi zinazopingana. Karo lenyewe ni tangi ambalo halipaswi kuvuja hata tone, na sokawei, yaani shimo au mtaro unaopokea maji kutoka kwenye karo, inapaswa kuyaachia maji hayo kadiri udongo unavyoweza kuyapokea. Ndani ya karo maji hutulia kwa siku moja au mbili. Kizito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea na kufanya utando, na katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu, ambayo ndiyo pekee yanayoruhusiwa kutoka. Bakteria wasiohitaji hewa huendelea kulila lile tope polepole na kulipunguza, ingawa hawalimalizi. Wazo hili lina umri mkubwa: Mfaransa Jean-Louis Mouras alijenga tangi la namna hii yapata mwaka 1860 na kulipatia hataza mwaka 1881, na mwaka 1895 Donald Cameron, mpimaji wa mji wa Exeter nchini Uingereza, akajenga la kwake kwa ajili ya maji taka ya mji huo. Kanuni waliyoitumia ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Jambo moja huwa halisemwi na mafundi, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Karo haliui vimelea vya magonjwa. Maji yanayotoka upande wa pili yanaweza kuonekana mepesi, lakini bado yamebeba vijidudu vya kuhara, mayai ya minyoo na kila kilichokuwamo matumboni mwa wenye nyumba. Kazi ya kuyasafisha hufanywa na udongo, maji yanapopita taratibu katikati ya chembe zake, kwenye tabaka lenye hewa lililo juu ya maji ya ardhini. Ndiyo maana mtu anayejenga karo zuri kisha akaelekeza bomba la kutokea kwenye mfereji wa barabarani anakuwa amefanya nusu tu ya kazi, na nusu iliyobaki amewaachia watoto wanaocheza kando ya mfereji huo.

Mitaani kwetu, kinachoitwa karo mara nyingi ni shimo la duara lenye kina cha mita tatu au zaidi, lililojengwa kwa tofali zilizoachiwa matundu, lisilo na zege chini, na bomba la choo likimwaga moja kwa moja ndani yake. Katika mwaka wa kwanza na wa pili shimo hilo humridhisha kila mtu, kwa sababu udongo bado ni mpya na unanyonya vizuri. Kisha mafuta na chembe za kinyesi huanza kuziba vitundu vya udongo kuanzia chini kwenda juu, maji yanakosa pa kwenda, na mwenye nyumba anajikuta akiita gari kila baada ya miezi michache huku akiamini kwamba shimo lake ni dogo. Anachimba la pili, refu kuliko la kwanza, na hali inajirudia. Katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu, kama bonde la Msimbazi, shimo la namna hiyo hujazwa na maji ya ardhini yenyewe wakati wa masika, kinyesi kinakutana na maji hayo bila kizuizi chochote, na ndipo unapoanza ule mchezo mbaya wa kutapisha choo, yaani kukifungulia kinyesi kitiririke na maji, usiku mvua inaponyesha. Tulioishi Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 hatuna sababu ya kuliona hili kuwa jambo dogo la ujirani.

Ukubwa wa karo hupangwa kwa idadi ya watu, si kwa ukubwa wa kiwanja wala wa nyumba. Hesabu inayotumika sana katika vitabu vya uhandisi vya Kiingereza huchukua lita 180 kwa kila mtu na kuongeza lita 2,000 za nafasi ya tope. Nyumba yetu tuliipangia watu 8, kwa kuwa wageni na ndugu hawakosekani, na hesabu ikatoa lita 3,440. Tulijenga karo lenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2 kwa ndani, na kina cha maji cha mita 1.4, ambalo linabeba lita 4,000 na kidogo, juu yake tukaacha nafasi ya sentimita 30 kwa ajili ya utando na gesi. Urefu unapaswa kuwa mara mbili au tatu ya upana, ili maji yasafiri na kutulia kabla ya kufika mlango wa kutokea. Ukuta wa katikati uligawa karo vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za urefu, kwa sababu humo ndimo tope kubwa hubaki, na cha pili kikipata theluthi moja, ambamo kidogo kilichoponyoka hupata nafasi nyingine ya kuzama.

Chini tulimwaga zege lenye nondo, kuta tukazijenga kwa tofali za kulaza, tukapiga plasta ndani na nje kwa mchanganyiko wenye saruji nyingi pamoja na dawa ya kuzuia maji, na mwisho fundi akapiga niru, yaani saruji tupu ya kulainisha uso. Kilichofuata ni kipimo ambacho watu wengi hukiruka. Nilitaka karo lijazwe maji na liachwe, bomba la kutokea likiwa limezibwa, kabla hata ya kumwaga zege la juu. Fundi wangu ni mtu makini na kazi yake naiheshimu, lakini hakuona haja.

"Mama, boza zima la maji tulimwage humu halafu tuyaangalie tu? Plasta yangu haina wasiwasi."

"Fundi, plasta yako naiamini. Nataka tuone wote wawili kabla hatujaifunika."

Tuliliacha karo siku ya kwanza ili kuta zinywe zinachotaka kunywa, tukaongeza maji, kisha akachora mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa maji. Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwa upana wa vidole viwili na kugoma hapo hapo. Kugoma kwake ndiko kulikotuonyesha tatizo: yalisimama sawasawa na tumbo la bomba la kutokea, mahali lilipopenya ukutani. Fundi alichokoa ile saruji ya kuzunguka bomba, ambayo kwa macho ilikuwa safi kabisa, akakuta uwazi mwembamba ambao ungeweza kuingia unyasi. Alikwaruza bomba kwa msasa ili saruji ishike, akaziba upya, na kipimo cha pili maji hayakusogea. Uwazi ule ungekuwa unapitisha maji machafu miaka yote kuelekea msingi wa nyumba, na hakuna mtu angejua. Maji yenyewe hayakupotea, kwa kuwa karo jipya linapaswa kuanza kazi likiwa limejaa.

Nitakaa kidogo kwenye kipande kimoja cha plastiki, kwa sababu ndicho kinacholinda kila kitu kinachokuja baada yake. Mahali bomba linapoingia na mahali linapotokea panahitaji ti ya inchi nne, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, iliyosimamishwa wima, mguu wake wa chini ukiongezwa bomba hadi uzame ndani ya maji. Upande wa kuingilia, ti huyavunja maji nguvu ili yasikoroge tope. Upande wa kutokea, mguu huo unashuka sentimita 50 hivi chini ya uso wa maji na kuchota kutoka lile tabaka la katikati, huku utando ukibaki nyuma. Sehemu ya juu ya ti huachwa wazi, ili gesi irudi kupitia bomba la hewa linalopanda juu ya paa, na ili siku ya kuzibua uweze kupitisha waya. Bomba la kuingilia nalo liwe juu ya la kutokea kwa sentimita tano hadi saba na nusu, vinginevyo maji yatarudi nyuma kuelekea chooni. Ti hiyo ina bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji. Nimeona makaro yaliyojengwa kwa gharama kubwa yakiwa na bomba lililokatwa tu ukutani, na utando wa mafuta ukisafiri moja kwa moja hadi kwenye sokawei.

Mabomba ya kutoka nyumbani hadi kwenye karo hayana mengi: inchi nne, mteremko wa sentimita mbili hadi mbili na nusu kwa kila mita, na chemba yenye mfuniko unaofunguka kila njia inapokata kona.

Udongo ndio ulionichukulia muda, na naamini kila mwenye kiwanja anapaswa kuutazama kwa macho yake. Kibamba, kwenye kiwanja chetu, juu kuna udongo wa kichanga wenye rangi ya kutu, na ukishuka kupita kimo cha kiuno unaanza mfinyanzi mzito unaong'ang'ania kwenye koleo. Ili kuupima, unachimba tundu lenye upana na kina cha sentimita 30 hivi kwenye usawa ambao maji yatatokea, unalijaza maji jioni ili udongo ulowe usiku kucha, asubuhi unalijaza tena na kutazama muda ambao maji yanachukua kushuka kwa sentimita mbili na nusu. Dakika chache zinaonyesha mchanga unaopitisha upesi, pengine upesi kupita kiasi. Ikizidi saa nzima, udongo huo haufai kupokea maji ya karo. Kipimo hiki kinafaa kufanywa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu udongo unaonyonya vizuri mwezi wa Septemba unaweza kuwa umeshiba kabisa mwezi wa Aprili, na karo halina likizo ya mvua. Kwetu, tundu la juu lilinyonya kwa kiasi cha kuridhisha, na tundu tulilochimba ndani ya mfinyanzi lilikuwa bado na maji kesho yake.

Hapo ndipo mazoea ya kuchimba kwenda chini yanapompotosha mtu. Shimo refu kwetu lingekuwa beseni la mfinyanzi. Badala yake tulichimba mitaro yenye kina cha sentimita 60, tukatandika kokoto, tukalaza juu yake bomba lenye matundu, tukaongeza kokoto, tukafunika kwa kitambaa kinachopitisha maji ili udongo usizame ndani, kisha tukarudishia udongo na kupanda nyasi. Mitaro hutumia eneo kubwa kuliko shimo, na mwenye kiwanja kidogo ana haki ya kulalamika, lakini inatumia ule udongo wa juu wenye hewa, ambao ndio unaosafisha. Mahali penye mchanga hadi chini, shimo lililojengwa kwa tofali zisizo na saruji kwenye viungo na kuzungushiwa mawe linafanya kazi nzuri, ilimradi chini libaki na umbali wa mita moja na nusu au zaidi kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini. Kwenye jiwe la matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na ukanda wa pwani, mashimo hupokea maji haraka ajabu, na wenyewe hufurahi. Mimi ningeogopa, kwa kuwa maji hayo hupita kwenye nyufa bila kuchujwa na kutokea kwenye kisima cha mtu.

Suala la kisima ni lazima lizungumzwe na majirani kabla ya kuchimba. Umbali unaotumika sana ni mita 30 kati ya sokawei na kisima, na sokawei iwe upande wa bondeni. Katika viwanja vyetu vya mita ishirini kwa thelathini, umbali huo hauwezi kupatikana bila kujua kisima cha jirani kiko wapi na yeye kajenga karo lake wapi. Nilikwenda kwa majirani wa pande zote tatu kuuliza, na mmoja wao, mzee mwenye kisima kilichotumika miaka mingi, alinionyesha mwenyewe upande ambao maji hutiririkia chini ya ardhi wakati wa masika. Tulihamisha mitaro yetu upande wa pili kwa sababu ya maneno yake. Maji ya mvua ya paa nayo yasiingizwe kabisa kwenye mfumo huu, kwa sababu mvua moja kubwa hufurika karo, hukoroga tope na kulisukuma kwenye kokoto. Miti yenye mizizi mikubwa ikae mbali. Nyasi na maua vinatosha.

Mfumo ukishakamilika, matunzo yake ni ya kila siku na yanaanzia jikoni. Mafuta ya kukaangia hayamwagwi kwenye sinki, na maji ya vyombo kwetu yanapita kwanza kwenye kichemba kidogo cha kutegea mafuta, ambacho husafishwa kila baada ya wiki chache kwa kijiko kikubwa na ndoo, kazi isiyopendeza lakini ya dakika kumi. Pedi, pampasi, vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto na kondomu vina ndoo yake yenye kifuniko, kwa sababu haviozi ndani ya karo. Dawa kali za kuua vijidudu zitumike kwa kiasi: kikombe cha kusafishia sakafu hakidhuru, ila chupa nzima inayomwagwa chooni kila juma inaua bakteria walewale wanaokufanyia kazi bure. Ufuaji nao ni vyema ugawanywe, kwa kuwa kufua nguo za wiki nzima Jumamosi moja kunalimwagia karo kwa saa chache maji ambayo lingeyapokea kwa siku kadhaa.

Siku hizi kuna matangazo mengi ya choo kisichojaa, na ya unga wa bakteria au hamira unaodaiwa kumaliza kinyesi. Kinyesi chenyewe kinaleta bakteria wa kutosha kila siku, na hakuna unga unaoyeyusha mchanga wa miguuni, majivu, nywele na sehemu ya kinyesi ambayo bakteria hawawezi kuila. Vitu hivyo hukusanyika katika karo lolote, liwe la tofali au la plastiki, la kienyeji au lenye jina la kisasa. Anayekuuzia mfumo aulizwe swali moja: tope litatolewa kupitia wapi? Asipokuonyesha mfuniko, usinunue.

Kiasi cha tope hukadiriwa kwa lita 40 hivi kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa watu 8 ni lita 320, na kwa kuwa karo linapaswa kunyonywa tope likifikia theluthi moja ya ujazo, kwetu hesabu inatoa miaka minne. Sitegemei hesabu peke yake. Kila mwaka, kabla ya masika, tunafungua mfuniko wa chumba cha kwanza na kushusha mti mrefu uliofungwa taulo kuukuu jeupe upande wa chini, taratibu hadi uguse zege, tunausubiri dakika chache, kisha tunaupandisha. Taulo hurudi likiwa na sehemu mbili zinazoonekana wazi: juu limelowa maji ya kijivu, chini limeshika weusi mzito wenye chembe, na mpaka kati yake unapimika kwa rula. Anayefanya hivyo asimame upande upepo unakotoka, asivute sigara wala kuwasha moto, na asiinamishe kichwa ndani ya tundu. Kuingia ndani ya karo hakuruhusiwi kwa mtu yeyote, hata likiwa limeshanyonywa, hata kwa kitu kilichodondoka. Gesi iliyomo humwangusha mtu kabla hajapata muda wa kupiga kelele, na mara nyingi anayeruka kumwokoa hufa pamoja naye. Mifuniko iwe mizito, mizima, na mahali ambapo watoto hawawezi kuisogeza.

Siku ya gari, mwambie dereva avute tope la chini na utando wa juu, kwa sababu wengine huvuta maji mepesi, tangi lao likajaa, wakaondoka tope likiwa palepale. Chumba cha pili nacho kifunguliwe. Uliza pia wanakwenda kumwaga wapi, na uulize bila aibu. Kwa jiji letu mabwawa ya Vingunguti ni miongoni mwa mahali panapopokea magari hayo, na gari linalotaka bei ya chini kupita kiasi linaweza kuwa linamwaga kwenye korongo la mtaa mwingine. Wakati karo bado liko wazi, mulika kwa tochi ukiwa umesimama pembeni, utazame kama ti zote mbili ziko mahali pake na kama zege la juu halijaanza kumomonyoka kwa gesi. Baada ya hapo lijaze maji tena siku hiyohiyo, hasa kama ni tangi la plastiki na ni msimu wa mvua, kwa sababu tangi tupu lililozungukwa na ardhi iliyoloa huweza kuinuka na kung'oa mabomba yake. Tarehe na kina cha tope vinaandikwa kwenye daftari, pamoja na mchoro wenye vipimo kutoka kona za nyumba hadi kila chemba, na nakala ya mchoro huo hupewa yeyote anayekuja kupanga au kununua.